Kompyuta Inapopiga Kelele, Usikimbilie Kununua Feni

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta ya mezani yenye kelele huwa wameshaamua ugonjwa kabla hawajafika: "Fundi, feni imekufa, nibadilishie." Feni iliyokufa hunyamaza. Inayopiga kelele bado ipo kazini, na mara nyingi inafanya kazi kupita kiasi kwa sababu kuna kitu kingine kinachoilazimisha. Ukiibadilisha bila kukijua kitu hicho, feni mpya nayo itavuma vilevile, na hela yako imekwenda.

Kwa hiyo anza kwa kusikiliza. Zima mashine, fungua ubavu wa kasha, iwashe tena, kisha viringisha karatasi iwe kama bomba. Ncha moja weka sikioni, ya pili isogeze karibu na kila feni bila kugusa chochote. Kuna feni ya prosesa (ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta), kuna ya nyuma ya kasha, kuna iliyo ndani ya pawa saplai (lile boksi linaloingiza umeme), na kama mashine ina kadi ya picha, hiyo nayo ina yake. Utashangaa jinsi karatasi hiyo inavyokupeleka moja kwa moja kwenye chanzo.

Upepo mtupu unaovuma, unaopanda na kushuka, maana yake joto. Mkwaruzo wa kusaga, hasa ukiwasha asubuhi halafu unapungua mashine ikishapata moto, ni beringi iliyokauka. Tak-tak-tak ya haraka ni waya unaogusa mapanga ya feni. Ufunge pembeni kwa kamba ya plastiki, kazi imekwisha. Mtetemo unaokatika ukikandamiza kasha kwa kiganja ni skrubu iliyolegea. Lakini ukisikia kitu kinagonga ndani ya hadi diski, inayohifadhi mafaili yako, tik, tik, kinanyamaza, kinagonga tena, hilo si suala la feni hata kidogo. Acha yote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje leo hii.

Kama ni kuvuma tu, kuna jambo la kuangalia hata kabla ya kufungua kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows, uone ni programu gani inayoikamua prosesa. Nimeona mashine zinanguruma mchana kutwa kwa sababu ya programu moja iliyojiingiza na kula nguvu yote kimyakimya. Hapo bisibisi haisaidii. Safisha virusi, ondoa programu hiyo, na feni itashuka yenyewe.

Prosesa ikiwa haina kazi na bado feni inavuma, basi mara nyingi ni vumbi. Hapa Dar vumbi letu si kavu: linakutana na unyevu na hewa ya bahari, linagandamana. Watu hufungua kasha, wanaona mapanga yana vumbi kidogo, wanayafuta kwa kitambaa, wanafunga. Vumbi lenyewe halipo hapo. Legeza feni ya prosesa uinyanyue kutoka juu ya hitisinki, yaani chuma chenye mabati membamba kinachoondoa joto la prosesa, utazame chini yake. Utakuta utando wa kijivu uliolala juu ya yale mabati membamba, mzito kiasi cha kubanduliwa kwa vidole ukatoka mzima kama kipande cha blanketi. Feni inasukuma upepo, upepo unagonga utando huo na kurudi, prosesa inazidi kuchemka, madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, inaiamuru feni ikimbie zaidi. Kelele yote unayoisikia ni hiyo.

Namna ya kusafisha: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, toka nje au barazani, funga pua. Tumia brashi laini ya rangi na blowa. Shika mapanga kwa kidole wakati unapuliza, kila feni, kila mara. Ukiyaacha yazunguke kwa nguvu ya blowa yatakimbia kuliko yalivyoundwa kukimbia, na beringi ndiyo itakayoumia. Kompresa ya wajaza upepo wa matairi siishauri, kwa sababu hutema maji pamoja na hewa.

Kama mashine ni ya zamani, hasa hizi zilizotumika zinazoingia kwa makontena, ng'oa na hitisinki yenyewe ukague pesti, ule uji mzito unaopitisha joto, iliyo kati yake na prosesa. Ikiwa imekauka na kuwa kama chokaa, joto halipiti vizuri hata kama hakuna vumbi. Ifute kwa spiriti safi, subiri pakauke, weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mchele katikati, rudisha hitisinki na ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukishamaliza, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uangalie joto. Kwa hali ya hewa yetu nyuzi 40 au 50 si tatizo. Ikifika 80 na huna unachofanya, kuna mahali hujakaza.

Beringi iliyokauka inaweza kuokolewa kwa muda. Bandua stika iliyo katikati ya feni. Kwenye nyingine utakuta kizibo kidogo cha mpira. Tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, futa yaliyomwagika, rudisha stika. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, usiyaguse. Kama baada ya hapo mapanga bado yanacheza kushoto na kulia ukiyatikisa, mhimili umelika, hapo nunua feni. Na kama mkwaruzo unatoka ndani ya pawa saplai, usiifungue: kapasita zake huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mpe fundi mwenye vifaa au badilisha pawa saplai nzima.

Kuna na ule upendo wetu wa kufunika vitu kwa vitambaa vya kufuma. Kwenye redio sawa. Kwenye kompyuta inayowaka, kitambaa hicho kinaziba matundu ya hewa. Kitoe, na kasha lisibanwe ukutani wala kufungiwa ndani ya kabati la meza.

Ukienda kununua feni, chukua ile ya zamani mkononi. Upana lazima ulingane, milimita 80, 92 au 120, unene pia, na plagi hali kadhalika: ya pini nne inaruhusu madabodi kupanga kasi vizuri zaidi kuliko ya pini tatu. Mashine nyingine za maofisini zina plagi za aina yake, na ukiweka isiyo yake mashine hugoma kuwaka moja kwa moja mpaka ubonyeze F1. Wakati wa kufunga, tafuta mishale midogo pembeni mwa fremu. Mmoja unaonyesha upepo unakoelekea. Kama haipo, upande wenye vikono vinavyoshika mota ndiko upepo unakoelekea, na kwa feni ya nyuma ya kasha upande huo utazame nje.