Kabla hamjafuta pesa ya pilau

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa na wanaume 22, na daftari nilishika mimi. Mwaka wa tatu mzee mmoja akalalamika kikaoni kwamba pilau ya Desemba inakula mfuko bure. Tukaifuta. Niliandika kwa mkono wangu, kalamu nyekundu: "Sherehe: hakuna." Kuanzia hapo tukawa tunaonana makaburini tu. Ukimpigia mwenzako hasemi haloo, anauliza, "Nani tena?" Michango ikaanza kusuasua, kikundi kikafa bila hata matanga.

Nilikuja kukumbuka daftari lile nikiwa New Orleans, Marekani, asubuhi ya Mardi Gras, sikukuu ya maandamano na shangwe kabla ya Kwaresima, nimesimama kando ya barabara nawasubiri Zulu wapite. Jina lao kamili ni Zulu Social Aid & Pleasure Club, yaani klabu ya kusaidiana na kustarehe. Yote mawili yamo kwenye jina, hakuna wa kuja kulifuta moja kikaoni. Walianza kuandamana 1909, wakajisajili 1916. Enzi hizo mtu mweusi wa mji ule hakuwa na bima ya kutegemea, basi watu walichangishana: ukiugua unashikwa mkono, ukifa unazikwa kwa heshima. Hayo tunayajua. Ila hawa walikuwa na mfalme wa maandamano pia! Wa kwanza, William Story, alivaa taji la kopo la mafuta ya kupikia, na fimbo yake ya enzi ilikuwa bua la mgomba. Mwaka 1949 mfalme akawa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, mtoto wa mji huohuo.

Kujipaka kwao nyuso rangi nyeusi na kuvaa sketi za majani hakukunipendeza, na miaka ya 1960 weusi wenzao waliwasema hadharani mpaka wanachama wakapungua. Klabu haikufa. Hata baada ya kimbunga Katrina cha 2005, watu wakiwa wametawanyika, Mardi Gras ya 2006 walitoka.

Zawadi yao kwa watazamaji ni nazi. Zamani waliirusha, waliopigwa wakashtaki, kampuni za bima zikagoma, na mwaka 1988 jimbo la Louisiana likatunga sheria ya kuwalinda wasishtakiwe, mradi nazi itolewe mkononi. Yangu ilikuwa imekwanguliwa, ikapakwa nyeusi na dhahabu, gundi imemwagika upande mmoja. Kuna mtu aliketi akaipaka.

Kwa hiyo mnaoandika katiba sasa hivi, pesa ya starehe iwe na mfuko wake. Sisi tulichanganya, kila sahani ikaonekana imeibiwa kwa marehemu. Na kila mmoja apewe kazi ya mikono, kupika au kufunga maturubai, si kutuma pesa kwa simu tu.

Mwezi uliopita nilianza kuwapigia wale wa zamani. Wa kwanza akapokea: "Nani tena?"

Nikamwambia aje Jumamosi, abebe sufuria.