Kuinua mwanga wa uso tu, kwenye laptopu ya RAM 4

Wadau wa kamera wa Mbeya na Iringa, leo niongelee kitu ambacho madogo wananiuliza sana, jinsi ya kuongeza mwanga sehemu moja tu ya picha wakati mashine yenyewe, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 tu, inahema. Shida yetu huku inajulikana. Unapeleka maharusi Tukuyu kwenye mashamba ya chai, ukungu umeshuka, kamera inaona weupe kila kona inajibania mwanga, mwisho wa siku chai imetoka kijani safi, shela limetoka, ila bwana harusi uso na suti nyeusi vimekuwa kitu kimoja. Ukivuta slaida ya eksposha (kiasi cha mwanga) ya picha nzima uso unarudi lakini shela linaungua, ile lesi yote inapotea, na mama wa bibi harusi ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwahiyo unautaka uso tu. Sio jambo jipya hata, enzi za filamu wapiga picha kina Ansel Adams wa Marekani walikuwa wanafanya hivyo chumba cha giza, anakinga mwanga kwa mkono au kipande cha kadi pale anapotaka pabaki peupe zaidi, na anapotaka pawe peusi anapaongezea sekunde. Walikuwa hawana hata hiyo RAM 4.

Sasa kwanini laptopu inastaki? Picha ya megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000, na kwenye biti 8 kwa kila rangi, pikseli moja inakula baiti 4, tatu za rangi na moja ya uwazi, maana yake leya (tabaka la picha) moja ni kama MB 96. Ukiwa kwenye biti 32 leya hiyohiyo inafika MB 384. Halafu wewe unakopi leya mara nne kama ulivyoona YouTube, Windows nayo imeshachukua chake, kinachozidi kinaanza kumwagwa kwenye diski, na kama diski yenyewe ni ile ya zamani ya kuzunguka basi nenda kapike makande urudi.

Dawa ya kwanza ni kupunguza pikseli. Mteja wako anachapa A4, na A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni 2480 kwa 3508, hiyo ni megapikseli 8.7 tu, leya inashuka mpaka MB 35 hivi. Wengi hata A4 hawachapi, wanataka za status. RAW yako (faili ghafi la kamera) ipo palepale, siku akitaka bango kubwa utarudi.

Mimi naanza kwenye RAW: rangi, eksposha ya jumla, kurudisha shela. Hii usiiruke, kwasababu ukungu ni weupe laini, ukija kuukunja sana kwenye biti 8 unatoa mistari kama ngazi na hiyo haifutiki kirahisi. Ukiwa Lightroom, programu ya Adobe ya kuediti picha, tengeneza zile Smati Priviu (ni nakala ndogo, upande mrefu pikseli 2500 na kitu) halafu kwenye setingi za Pafomansi iambie itumie hizo kuediti badala ya faili halisi, utashangaa. Na kwenye hatua hii kwa mashine dhaifu tumia duara au gredienti (mwanga unaofifia taratibu kutoka upande mmoja), achana na brashi. Duara ni umbo tu, programu inalihesabu mara moja, wakati brashi kila mkwaruzo inaukumbuka na kuupigia hesabu upya kila ukigusa slaida. Yale mambo ya kubonyeza mara moja mashine ijitafutie mtu au anga ni mazuri sana, ila RAM 4 haiwezi, tusidanganyane.

Kazi ya kupaka mwanga kwa brashi naihamishia GIMP, programu nyingine ya kuediti picha. Ni bure, na toleo la 2.10 la 2018 bado inasukuma vizuri kwenye mashine kuukuu. Hakikisha picha ipo biti 8, fungua leya mpya moja, ijaze kijivu cha katikati, kodi ya rangi 808080, modi (jinsi leya inavyochanganyika na picha ya chini) iweke Softi Laiti. Picha haitabadilika, usishtuke, kijivu hicho kwenye modi hiyo hakifanyi kitu. Sasa brashi nyeupe inaongeza mwanga, nyeusi inapunguza, ukikosea unapaka kijivu juu yake yamekwisha. Leya moja tu, uso wa bwana harusi, macho ya bibi harusi, kuzimisha ndoo ya njano aliyoisahau mtu nyuma, vyote humo humo. Kile kifaa cha Doji cha kung'arisha kwa kupaka moja kwa moja kwenye picha sikipendi, kinakula pikseli zenyewe.

Brashi iwe kubwa na laini, opasiti (nguvu ya rangi) asilimia 8 mpaka 10, unapitisha taratibu mara kadhaa. Kama inachelewa kufuata mkono, ongeza spesingi ya brashi (nafasi kati ya mguso na mguso) kufika 25 hivi, haionekani kwenye picha ila prosesa inapumua. Na usiikuze picha mpaka uone vinyweleo, chora ukiwa unauona uso wote, maana ukizidisha pembeni mwa kichwa ukungu wa nyuma unang'aa, bwana harusi anageuka mtakatifu Petro. Kwenye setingi punguza pia kumbukumbu ya hatua za kurudi nyuma, funga Chrome (Chrome kwanza kabla ya vyote aisee), na sevu kila dakika chache hasa kama ni kompyuta ya mezani na huna UPS (betri ya akiba), msimu huu wa mvua umeme hauagi.

Sevu kwa XCF, faili la GIMP linalotunza leya, usitoe JPEG tu ukafuta, kwasababu simu itapigwa. "Kaka mbona mwanangu umemfanya mweupe hivi, huyu sio yeye." Shikamoo mama, nakurekebishia sasa hivi. Unafungua, unashusha opasiti ya ile leya ya kijivu mpaka 60 hivi, unatoa JPEG upya, unamtumia WhatsApp kama dokumenti, usitume kama picha ya kawaida kwasababu inabanwa na vile vivuli ulivyovihangaikia vinageuka matope.