Zima video, kisha sema ulichoelewa

Juzi mdogo wangu mmoja ameniandikia: "Kaka, nimefeli kidato cha nne. Najisomea kwa simu, video natazama mpaka bando linaisha, ila nikiamka asubuhi kichwani hamna kitu." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Huyo ni mimi kabisa, mimi wa mwaka 2013.

Matokeo yetu ya mtihani wa 2012 yalitoka Februari. Wengi walipata sifuri, mpaka serikali ikaunda tume na baadaye yakapangwa upya. Yangu hata yalipopangwa upya yalibaki sifuri. Mwalimu mmoja aliniambia mbele za watu nikatafute zege la kubeba. Sauti yake bado naisikia.

Nikaamua kurisiti nikiwa nyumbani, Tanga. Baiolojia ndiyo ilikuwa inanitesa. Msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari ghafla Kiingereza, nami nikawa mtu wa kunakili notisi nisizozielewa. Kwa simu ya kuazima nikapata masomo ya bure ya Khan Academy, nikatazama osmosisi mara nne. Kila mara naona nimeelewa. Nikifunga, patupu.

Usiku mmoja Mama anakata kachumbari, akaniuliza nasoma nini. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, nikakwama sentensi ya pili. Niliona aibu. Nikarudi kwenye video, safari hii nikitafuta pale tu nilipokwama. Nilipomweleza tena kwamba maji hupenya utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi, akaacha kisu: "Kumbe ndiyo maana kachumbari ukiitia chumvi mapema inatoa maji?" Mama yangu aliishia darasa la nne. Osmosisi haijanitoka tena.

Ndipo nikakumbuka chuoni, yaani madrasa nilikosoma Kurani utotoni. Ustadhi wetu hakukubali useme umehifadhi huku unatazama ubao. Unaufunika, unasoma mbele ya mwenzako, ukikosea anakurudisha. Tulidurusu hivyo kila alasiri, na mimi tabia hiyo nikaiacha nilipoingia sekondari! Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha hilohilo: baada ya wiki moja, waliojipima bila kutazama walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu.

Miaka ya katikati naiacha. Nilifaulu, na leo nina shahada ya Chuo Kikuu Huria, niliyoisoma nikiwa kazini. Najivunia, sifichi.

Basi mdogo wangu, tazama dakika kumi, zima data, sema. Anza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza cha mtihani. Kisha sema tena kesho yake. Vijana wetu wanajaza simu video za masomo wakidhani wamesoma, wazazi wanauza kuku kulipia bando, inaniuma. Kutazama si kusoma. Huna wa kumweleza? Mweleze hata anayekaanga mihogo hapo jirani. Jumapili niandikie umemweleza nani, na amekuuliza swali gani.