Nimefungiwa Akaunti, Nimshtaki Nani?

SWALI: Mzee, pokea salamu kutoka Roysambu, Nairobi. Nimeendesha teksi ya apu kwa miaka minne, gari ni Vitz niliyochukua kwa mkopo. Mwezi uliopita, nikingoja abiria uwanja wa ndege wa JKIA saa kumi alfajiri, simu ikaniambia akaunti yangu imefungwa kwa kuvunja kanuni. Kanuni ipi, sikuambiwa. Kila nikiandika kwenye apu najibiwa maneno yale yale. Nilipofika ofisini kwao, mlinzi alinirudisha kwenye apu. Mkataba unasema mimi si mwajiriwa bali mshirika, na kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na msuluhishi katika mji fulani wa Ulaya. Nauli ya kufika huko sina. Nianzie wapi?
Dereva, Roysambu

JIBU: Ndugu dereva, pole sana. Zamani zangu za kuwakilisha wafanyakazi kule Industrial Area, aliyefukuzwa alimjua aliyemfukuza. Meneja alikuita, ukaenda na mwenzako wa chama, mkabishana hadi jasho likatoka. Mara nyingine tulishindwa, lakini tulisikizwa. Haki hiyo bado imo katika kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: uelezwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, mwenzako akiwapo.

Shida ni kwamba sheria hiyo inamlinda mwajiriwa, yaani anayelipwa mshahara au ujira. Ndiyo maana mkataba wako ukakubandika jina la mshirika. Wakili atakuambia uanze kwa kulipinga jina hilo, na hoja anayo. Pendekezo nambari 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema uhusiano wa kazi upimwe kwa namna kazi inavyofanyika, si kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi. Madereva wa Uber wa Uingereza walishinda kwa hoja ya aina hiyo. Lakini walishinda katika baraza la ajira mwaka 2016, kampuni ikakata rufaa juu ya rufaa, na Mahakama ya Juu haikumaliza maneno hadi Februari 2021. Tena Waingereza wana daraja la katikati, kati ya mwajiriwa na anayejiajiri, ambalo sheria yetu haina. Hakimu wa mahakama yetu ya Milimani anaweza kuazima mawazo yao, halazimiki.

Kwa hiyo mimi nasema, kesi ya jina iweke kando kwanza. Kumbuka tu kwamba madai ya ajira yana miaka mitatu, yasije yakaoza mkononi.

Anzia kwenye sheria ambayo madereva wengi hawaifikirii: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hii haiulizi kama wewe ni mwajiriwa au mshirika. Inauliza kama habari zako zimetumiwa kuamua mambo yako. Kifungu cha 35 kinasema mtu akiamuliwa na mashine peke yake, na uamuzi huo ukamgusa kwa uzito, lazima ajulishwe kwa maandishi, naye anaweza kudai uamuzi utazamwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mashine tu. Kukosa riziki ni kuguswa kwa uzito, na sioni wakili wa kulibishia hilo. Aprili 2023 Mahakama ya Rufani ya Amsterdam iliwapa haki madereva wa Uingereza na Ureno waliofungiwa akaunti na Uber. Kampuni ilidai kuna watu waliopitia maamuzi hayo, majaji wakaona mkono wa mtu ulikuwa wa jina tu.

Basi andika barua leo. Uliza nani au nini kiliamua, kwa malalamiko gani na ya safari ipi. Dai nakala ya kila walichonacho kukuhusu: safari, nyota ulizopewa, maneno ya abiria. Halafu dai binadamu aupitie uamuzi upya. Itume kwa baruapepe, si ndani ya apu, kwa sababu ndani ya apu wao ndio wenye ufunguo. Picha za skrini na taarifa zako za M-Pesa zihifadhi mahali pengine, hata kwenye simu ya mama watoto. Wakinyamaza au wakikujibu maneno yale yale, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huhitaji wakili, sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kumaliza uchunguzi, na Kamishna anaweza kuamuru ulipwe fidia.

Msuluhishi wa Ulaya asikukoseshe usingizi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikitupa kipengele cha namna hiyo cha Uber, kwa kuwa kufungua tu shauri huko Uholanzi kungemgharimu dereva dola 14,500 za Kimarekani. Hapa kwetu, Meta, kampuni yenye Facebook, ilishtakiwa na watu waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook wakiwa Nairobi, ikasema mahakama za Kenya haziiwezi. Mahakama ya ajira iliikatalia Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikaikatalia Septemba 2024.

Utasikia pia habari za Geneva. Ni kweli, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani wa Juni 2025 uliafikiana kwamba kazi za apu zitungiwe mkataba wa kimataifa pamoja na pendekezo. Ni jambo jema, ila mkataba hauifungi nchi mpaka nchi iuridhie, na aliyekukopesha pesa za Vitz hana subira hiyo. Mwendee wewe kabla hajakutafuta, ukiwa na nakala ya hiyo barua.

SWALI: Mzee, mimi ni mama dereva wa Kasarani. Apu inanikata zaidi ya robo ya nauli. Ni halali?

JIBU: Hapana, mama. Kanuni za 2022 za teksi za mtandaoni, zinazosimamiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zimeweka kikomo cha asilimia 18 kwa safari. Piga hesabu safari kwa safari, si kwa wiki nzima, na uambatanishe risiti unapoipelekea NTSA malalamiko. Mkiwa madereva kadhaa, andikeni barua moja.