Viungo vya Fajita Bila Pakiti ya Dukani

SWALI: Mhariri wa mapishi, nyumbani kwetu tunapenda sana fajita, yaani vipande vyembamba vya nyama vilivyokaangwa kwa viungo na kuliwa ndani ya chapati nyembamba, lakini pakiti za viungo tunazonunua zina chumvi nyingi, na mume wangu ameagizwa na daktari aipunguze kwa sababu ya shinikizo la damu. Nilipojaribu kuchanganya viungo mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya Kimarekani, nilitia vijiko viwili vya pilipili ya unga kama yalivyotaka, na watoto wakashindwa kabisa kula. Tatizo lilikuwa nini?
Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Vipimo vyako vilikuwa sahihi, ila pilipili uliyotumia siyo waliyoikusudia. Pilipili ya unga inayotajwa katika mapishi ya Texas, ambako ndiko fajita ilikozaliwa, kwa kawaida ni mchanganyiko wa pilipili kavu zisizo kali sana, bizari nyembamba, oregano (majani makavu ya kunukiza chakula) na kitunguu saumu, ilhali ile tunayopimiwa sokoni ni pilipili kali tupu iliyosagwa. Kwa hiyo rangi na uzito wa ladha uutafute kwenye paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, na pilipili kali uitie kidogo tu.

Kwa kilo moja ya nyama, changanya kijiko kimoja cha chakula cha paprika, vijiko viwili vya chai vya bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko kimoja kimoja cha chai cha oregano kavu, unga wa kitunguu saumu na unga wa kitunguu maji, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, na robo kijiko cha chai cha pilipili kali, ambayo unaweza kuiacha kabisa ikiwa watoto bado ni wadogo. Mchanganyiko wa dukani mara nyingi huwa na sukari na kornflawa ya kufanya rojo iwe nzito. Fajita iliyokaangwa vizuri haihitaji rojo, kwa hiyo usijisumbue navyo.

Uangalifu wako wote uweke kwenye bizari nyembamba, kwa kuwa ndiyo inayobeba harufu ya fajita. Inunue ikiwa nzima, uikaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu, kwa moto mdogo, huku ukiigeuza bila kuiacha, hadi rangi yake ikolee kidogo na harufu ijae jikoni. Hapo hapo imwage kwenye sahani, kwa maana kikaango chenye joto huendelea kuiunguza hata baada ya moto kuzimwa, na bizari iliyoungua ni chungu. Ngoja ipoe kabisa ndipo uitwange kwenye kinu au uisage. Paprika usiikaange hivyo, kwani huungua upesi mno.

Kuhusu chumvi, ushauri wangu ni kwamba usiichanganye kabisa humo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi kisichofika kijiko cha chai kilichojaa, nawe utaweza kukifuata kiwango alichopewa mumeo ikiwa chumvi unaipima peke yake wakati wa kupika. Upungufu wake uzibe kwa ndimu. Wachunga ng'ombe wa kusini mwa Texas, waliokuwa wakipewa nyama ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo la ng'ombe) kama sehemu ya ujira wao, waliichoma juu ya makaa kwa viungo vichache mno, na hata Sonny Falcon, muuza nyama aliyeanza kuiuza hadharani katika mji wa Kyle mwaka 1969, hakutegemea pakiti yoyote.

Nyama ikatwe vipande vyembamba kwa kukatisha nyuzi zake, ifutwe maji, ipakwe mafuta kidogo pamoja na viungo, kisha ikaangwe kwa moto mkali, kidogo kidogo, kwa sababu ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Ndimu ikamue mwishoni. Kidari cha kuku kikilala usiku kucha ndani ya ndimu hubadilika na kuwa kama unga mdomoni.

SWALI: Je, viungo hivi ninaweza kutengeneza vingi na kuviweka?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Unaweza, lakini tengeneza vya kukutosha miezi miwili au mitatu tu, kwani viungo vilivyosagwa hupoteza harufu mapema kuliko vizima. Tumia chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, uiweke kabatini mbali na jiko na mwanga. Usinyunyizie viungo kutoka kwenye chupa juu ya kikaango kinachofuka mvuke, maana mvuke huo huingia ndani na kuvigandisha mabonge. Chota kwa kijiko kikavu, kisha ufunike mara moja.