Gemu Inakwama Sebuleni, Kompyuta Iko Uani

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Mabatini, Mwanza. Kompyuta yangu yenye kadi nzuri ya picha iko chumba cha uani. Sebuleni kuna ruta na laptopu ya kaka, ambayo gemu nzito haiziwezi. Nimeweka Steam, programu ya gemu, kwenye zote mbili, nikairusha gemu ya mpira kutoka uani. Imekuja, ila picha inavunjika vipande, na mchezaji anapiga pasi wakati kidole nimeshakitoa. Zote zinatumia Wi-Fi, na ukuta wa kati umejengwa kwa mawe. Ninunue kifurushi chenye kasi zaidi? Na huku kurusha kunakula bando?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela ya kifurushi iache mfukoni.

Gemu inachezwa uani. Kompyuta kubwa inachora picha, inazibana ziwe video na kuzituma. Laptopu inazifungua na kurudisha amri za vidole vyako. Safari hiyo inaishia kwenye ruta yenu. Kwa megabiti 15 kwa sekunde, saa moja ya mchezo ni karibu GB 6.75, na bando haliguswi. Litaliwa pale unaposhusha gemu au masasisho yake, au ukicheza na watu wa mtandaoni.

Shida yako iko hewani. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi, kila picha inaruka mara mbili: uani hadi kwenye ruta, kisha ruta hadi kwenye laptopu, na vifaa vyote vinavyotumia masafa hayo ya Wi-Fi lazima vipokezane zamu. Filamu huvumilia hilo kwa sababu hujiwekea akiba ya dakika zijazo. Gemu haiwezi kuweka akiba: picha inayofuata inategemea kitufe ambacho bado hujabonyeza. Kwa picha 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16 na ushee tu. Na ile safari ya kwanza ndiyo inayogonga mawe.

Kwa hiyo vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi kompyuta ya uani. Hiyo ndiyo ianze, laptopu baadaye. Waya wa daraja la Cat5e unatosha kabisa, unafika mita 100. Pima njia kwa kamba ukifuata kila kona, usikisie. Ukipita nje, uweke ndani ya bomba la plastiki, na wingu la mvua likipanda kutoka ziwani chomoa ncha zote mbili. Radi za kanda yetu unazijua, nakusihi usilipuuze hili.

Laptopu, kwa kuwa iko chumba kimoja na ruta, iweke kwenye Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5 kama inakubali. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 3 tu, 1, 6 na 11, na kwa jinsi nyumba za Mabatini zilivyopandana mlimani, unagombania na majirani wa juu na wa chini.

Ikibaki nzito, shusha ubora wa picha kutoka 1080 hadi 720. Badala ya Steam, unaweza pia kujaribu programu ya kurushia iitwayo Sunshine kwenye kompyuta kubwa, na ya kupokelea iitwayo Moonlight kwenye laptopu. Zote ni za bure, na huunganishwa kwa namba ya siri. Na kama mchezaji bado anachelewa waya ukiwa umeshavutwa, niandikie aina ya laptopu na mwaka wake, maana hapo nitashuku chipu yake inashindwa kufungua video kwa wakati.