Kukaza nati hakuifanyi springi kuwa ngumu

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa uhandisi mitambo, Arusha. Tunaunda gari la mbio la kiti kimoja, kilo 260 pamoja na dereva, na tumefunga shokapu za pikipiki. Fundi ametushauri tukaze nati za springi hadi mwisho na tuweke oili nzito ya giaboksi ndani ya shokapu, ili gari lisilale kwenye kona. Yuko sahihi?

JIBU: Hapana. Ushauri huu nimeusikia mno, kuanzia gereji za mtaa wa Unga Limited, Arusha, hadi Moshi mjini, na kila mara ni vijana wanaopoteza hela na muda.

Nati haigusi ugumu wa springi. Inainua gari tu. Chukueni mifuko miwili ya simenti ya kilo 50, simamisheni shokapu wima kwenye fremu imara. Pandisheni mfuko wa kwanza, pimeni kwa rula. Pandisheni wa pili, pimeni tena. Tuseme wa pili umeishusha milimita 20: ugumu ni kama neutoni 24.5 kwa milimita. Sasa kazeni nati raundi tatu, mrudie. Maadamu mfuko wa kwanza umeshaibonyeza springi, na mizunguko yake ina nafasi sawa, wa pili utaishusha milimita 20 zilezile.

Mkitoa matairi, rimu na mikono inayoshika tairi, tuseme kilo 60, springi zinabeba kama kilo 50 kila kona. Ili gari licheze mara 2.5 kwa sekunde, mnahitaji neutoni 12.3 kwa milimita pale kwenye tairi. Kama tairi likipanda milimita 10 springi inabonyea 7, gawanyeni kwa 0.7, kisha tena kwa 0.7, kwa kuwa uwiano huo unagusa nguvu na pia mwendo wa springi: mnapata springi ya neutoni 25 kwa milimita. Wengi hugawanya mara moja, wakabaki na springi laini, ndipo wanakimbilia nati.

Kulala kwenye kona kunatibiwa kwa stabilaiza, yaani chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia, na kwa kushusha injini na kiti cha dereva. Oili ya giaboksi inaifunga shokapu: tuta la pili linafika springi haijarudi, tairi linaning'inia, na kona hamna kitu cha kuishika. Tena ikipata moto inalegea, kwa hiyo mlichopima asubuhi mchana hakipo. Shokapu yenu ianzie kwenye theluthi mbili ya kiwango kinachozima mtikisiko kabisa, yaani kama neutoni 1,050 kwa kila mita moja kwa sekunde, ikipimwa kwenye tairi.

Akija mwingine na wazo la kukata springi kwa gesi, mfukuzeni. Nimeshika mkononi springi ya Noah ya abiria iliyokatwa hivyo: ncha ilikuwa ya bluu kwa moto, na ufa wa nywele umeanzia hapohapo. Gari lile lilikuwa likipakia watu kila siku. Ninyi mnaonunua springi za mtumba, kwangueni rangi kwenye ncha zote mbili kabla hamjatoa hela.